Blanketi la Sufuria

Maharage yalipochemka, Mwatumu alizima jiko la umeme, akakimbilia chumbani. Hivyo ndivyo walivyopika siku zote: sufuria ikishachemka waliiviringisha blanketi, wakaitia kapuni, maharage yakaiva taratibu kwa joto lake yenyewe bila kula umeme. Hila hiyo ilikuwa ya mumewe, Hamduni, naye aliionea fahari.

Leo blanketi, la pekee nyumbani, alikuwa amejifunika yeye, akitetemeka kwa homa.

"Lichukue," alisema. "Mimi homa yangu inanitosha."

"Acha mzaha, baba."

"Chukua, mke wangu. Sufuria ikipoa itabidi uwashe tena."

Akalichukua. Akamfunika khanga, akaenda kuiviringisha sufuria.

Adhuhuri jirani yao, Bi Rehani, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alimshika miguu, akamshika shavu, kisha akamfumba macho polepole.

"Inna lillahi," alinong'ona. "Mwatumu, khanga hii haimtoshi. Lete kitu tumfunike."

Mwatumu alikwenda jikoni akaifungua sufuria. Maharage yalikuwa yameiva, laini kabisa. Alirudi na blanketi, akamfunika mumewe mpaka kidevuni tu, kama mtu aliyelala. Kisha akapenyeza mkono chini yake, juu ya kifua, akashtuka.

"Ana joto! Bi Rehani, mguse, bado ana joto!"

Bi Rehani aliinama. Blanketi lilikuwa linanukia maharage. Mkono wake ulibaki hewani, haukushuka.