Mishale Iliyogeuzwa

"Yafunge kinyume," alisema mwanamke. "Yote manne."

Hemed alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa ameuza matairi mjini Migori kwa muda wa kutosha kuombwa mambo ya ajabu, lakini hili hakuwahi kuombwa. Tairi la njia za tope lina meno yaliyopangwa mfano wa mishale, na mishale hiyo ina upande wake. Ikielekezwa mbele, hutema tope. Ikigeuzwa, hulimeza.

"Utakwama, mama."

"Tutasukuma. Tuko wengi."

Alijitambulisha kwa jina la Nyasuguta, mwenyeji wa Ntimaru. Landrova yake ya kijani haikuwa gari la barabara. Ilipita kwenye njia za ng'ombe, nyuma ya Ogwedhi, hadi upande wa Rangwe, nayo mvua ya Desemba ile, mwaka 1997, ilikuwa imezigeuza njia hizo kuwa uji mweusi. Hemed alimwonyesha matairi mapana. Aliyakataa: mapana huelea, naye alitaka membamba, yanayolikata tope hadi kwenye ardhi ngumu. Aligonga kila tairi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama anunuaye chungu.

"Unabeba mzigo gani?" aliuliza Hemed.

"Wewe huuza matairi ama maswali?"

Dishon, fundi wa duka, aliangua kicheko. Hemed hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameanza kuelewa. Mtu anayefuata nyayo za gari huiamini mishale iliyochapwa kwenye tope. Gari linalokwenda Rangwe likiwa na matairi yaliyogeuzwa litaonekana limetoka Rangwe. Ni nani anayehitaji uongo wa namna hiyo, isipokuwa anayefuatwa?

Wiki ile wezi wa mifugo walikuwa wamevamia boma karibu na Ogwedhi, na mchungaji mmoja alikuwa amezikwa. Kwa Hemed, mtu wa pwani aliyeletwa huku na biashara, hoja zilijipanga zenyewe: Ntimaru, ambako watu walisema ndiko watokako wezi, njia za ng'ombe, alama za uongo. Alichungulia nyuma ya gari. Aliona godoro, mablanketi na dumu la maji. Godoro, aliwaza, hufunika damu vizuri.

Alifikiria kumkatalia. Kisha akafikiria wanaume ambao huenda wangetumwa kumuuliza kwa nini alikataa. Alishika spana mwenyewe, nayo ikamponyoka mara mbili.

"Unatetemeka, mzee," alisema Nyasuguta, ambaye macho yake hayakuwa yamebanduka barabarani tangu afike. "Hata mimi. Haya, maliza."

Alipowasha gari, aliinama dirishani. "Ukiulizwa, hukuniona."

Hemed aliyapokea maneno hayo kama kisu kilichowekwa shingoni. Tangu siku hiyo alifunga duka jua likiwa bado juu. Kila injini iliyonguruma nje ilimfanya asimame. Kama angenyamaza, mchungaji mwingine angekufa. Kama angesema, angekufa yeye. Hakuona njia ya tatu, na hakuna aliyemwonyesha.

Njia ilikuja na Ryoba. Ryoba alikuwa akinunua kwake matairi makuukuu ya kukata viatu vya akala, ambavyo aliviuza kwenye mnada wa mifugo wa Ogwedhi. Kwa hiyo walijuana. Sasa alikuja na wanaume wenye mikuki, tope jeusi likiwa limewafika magotini.

"Shehe, tunatafuta Landrova ya kijani ambayo—"

Hemed hakumwacha amalize. Hofu ya siku zote hizo ilitoka kwa mkupuo mmoja: matairi membamba, mishale iliyogeuzwa, njia ya Rangwe. "Msifuate mishale inakoelekea. Fuateni inakotoka."

Ryoba alijipiga paja. Halafu alicheka polepole. "Kumbe ndiyo maana tukilifuata gari lake linaturudisha nyumbani! Huyu mama ametuzungusha kama ng'ombe wa kulimia." Alimshika Hemed mkono kwa mikono yake yote miwili. "Shehe, wewe ni mtu wetu."

Usiku huo Hemed alilala usingizi wa mtu aliyetenda haki, ambao hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba unatofautiana na usingizi mwingine.

Juma lililofuata Ryoba alirudi, safari hii peke yake, akivuta beberu hai kwa kamba, kwani alijua kwamba Mwislamu hawezi kupelekewa nyama ya mnyama aliyechinjwa na asiye Mwislamu.

"Hii ni asante ya wazee. Tulimkuta pale pale uliposema."

"Alhamdulillahi," alisema Hemed. Kwa mara ya kwanza tangu gari lile lije, alicheka. "Na ng'ombe, mmewapata wote?"

Ryoba alimtazama kwa mshangao.

"Ng'ombe gani, shehe? Hakuna ng'ombe aliyeibwa kwetu Ntimaru. Huyo mama alikuwa akitorosha mabinti zetu wasitahiriwe, anawaficha kanisani huko Rangwe. Tumewarudisha wote. Kisu ni kesho alfajiri." Alimkabidhi kamba ya beberu. "Ng'ombe ndio wataanza kuja sasa, mabinti wakishaolewa."