Njia ya Kwenda Leros

Pasipoti haikuwa kwenye mkoba.

Clothilde alimwaga kila kitu kitandani: nguo ya kuogelea ambayo hata lebo haijatolewa, kofia pana ya jua, shati la kitenge alilomshonea mumewe kwa kukisia, maana hajui siku hizi amenenepa au amekonda. Alitafuta chini ya godoro. Alitafuta hata ndani ya friji.

"Pole pole, mke wetu," alisema Anastasie kutoka mlangoni. "Kunywa uji kwanza."

Anastasie alikuwa dada mkubwa wa Aimable, mume wa Clothilde. Alikuja alfajiri bila kuitwa, akapika uji, akachukua simu ya Clothilde akisema anaenda kuichaji kwenye gari. Hakuirudisha.

Ndege ilikuwa ya mchana. Kutoka Haltom City hadi uwanjani si mbali, lakini asiye na pasipoti hata kwa jirani hafiki.

Miaka sita hawakuonana. Clothilde aliletwa Texas kutoka kambi ya wakimbizi Burundi. Faili la Aimable likakwama, naye akachoka kungoja, akapitia Uturuki, akavuka maji kwa boti ya mpira na kuishia Leros, kisiwa kidogo cha Ugiriki. Hapo akaambiwa asubiri. Clothilde naye akasubiri uraia. Alipoupata tu, aliomba likizo kwenye ghala alikofanya kazi, Grand Prairie, akakata tiketi kama mtalii yeyote. Chumba cha watu wawili, dirisha linatazama bahari, na chai ya asubuhi humo humo.

Nderitu, Mkenya aliyefunga naye maboksi, alimcheka sana. Wenzako wakienda Ugiriki wanaenda visiwa vya kwenye kalenda, alimwambia, wewe unaenda kisiwa ambacho hata aliyekuuzia tiketi ilibidi akitafute. Clothilde alicheka naye. Yeye Leros aliijua kuliko Fort Worth. Aimable alimwonyesha yote kwa simu: vinu vya upepo vilivyopangana mlimani, paka wanaolala juu ya nyavu, maji yaliyotulia kama ya kwenye beseni. Hata Lipsi, kisiwa kingine kidogo zaidi, alikiona kwa mbali. Aimable haruhusiwi kutoka Leros, kwa hiyo walipanga Clothilde aende Lipsi peke yake, ashinde, halafu jioni arudi amsimulie.

Ila tangu Jumapili Aimable hakupokea simu. Clothilde alipouliza, Anastasie alisema ni mtandao. Na mwezi uliopita huyo huyo Anastasie alikuwa amesema neno lingine: mwanaume aliyekaa peke yake muda wote huo, ukimfuata utakuta usichotaka kukiona.

Neno hilo lilimrudia Clothilde sasa. Alivuka chumba, akanyakua mkoba wa Anastasie begani mwake, akaufungua. Pasipoti yake ilikuwa humo.

Anastasie alichukua mkoba wake. "Twende," alisema. "Shem yuko nje na gari."

Shem, jina lake hilo, muumini mwenzao wa kanisani, alikuwa mtu wa kuongea hadi taa ya kijani inawaka na kuzima bado anaongea. Leo alinyamaza. Aliendesha kama aliyebeba mayai, malori yakimpita na kumpigia honi. Simu yake ikalia. "Mko wapi? Corsicana? Haya, sisi tutazunguka zunguka." Clothilde alipouliza ni nani anayekuja kwa njia hiyo ya Houston, alijibu kuwa ni watu tu.

Akaipita njia ya kuingia uwanjani bila kukata kona. Akasema imefungwa. Akaingia kituo cha mafuta wakati mshale ulionyesha tangi limejaa, akashuka, akaanza kukagua tairi moja moja. Ndege ikapita juu yao, chini kabisa, magurudumu nje.

Clothilde akashuka naye, akafungua mlango wa Anastasie.

"Sema tu, yaya, dada mkubwa. Mdogo wako ana mwanamke kule."

Anastasie alitazama mbele.

"Hujanipenda tangu siku ya harusi. Unafurahi nikizeeka hapa peke yangu, si ndiyo? Roho yako nyeusi."

"Sema yote, Clothilde," alijibu Anastasie taratibu. "Leo sema yote."

Majibu hayo yalimmaliza nguvu kuliko matusi. Akapiga magoti pale pale kwenye sementi yenye mafuta, akamshika miguu. Alimwambia hata kama yuko na mwanamke, hata kama wana mtoto, yeye hatagombana. Anataka kumwona tu. Amwone, arudi kazini kwake.

Shem aliwapa mgongo, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Simu ikalia tena. Alisikiliza, kisha akamgeukia Anastasie. "Wamefika."

Walimwinua Clothilde wakamweka nyuma. Alipoona gari linarudi Haltom City alivuta kitasa cha mlango, akavuta tena. Kilikuwa kimefungwa.

Makochi yake yalikuwa nje, kwenye majani. Meza pia, na televisheni juu yake. Alidhani ni wezi, akakimbia. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, akina mama wa kanisa walikuwa wamekaa sakafuni juu ya magodoro kama wanavyokaa msibani, miguu peku, vitenge vimefungwa vichwani, hakuna anayeongea. Katikati yao alikaa mama mkubwa Orpa, aliyemlea, ambaye kwa sababu ya miguu yake hatoki Houston hata kwa harusi.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema mama mkubwa, akinyoosha mikono.

Clothilde alibaki kizingitini. Anastasie alivua viatu, akampita, akaenda kukaa chini kwenye ukuta. Ndipo akafungua mdomo, na kilio alichokibana tangu alfajiri kikamtoka na jina la mdogo wake, Aimable.