Fundi wa Kinga ya Radi

Fundi alikuwa juu ya paa, ameuma waya wa shaba kwa meno, wingu lilipoanza kujikusanya nyuma ya shule. Ulikuwa mwezi wa kiangazi.

"Shuka, fundi," mwalimu mkuu alimwita. "Utamalizia kesho."

"Bado skrubu mbili, mama."

Ilikuwa shule ya tano kuiwekea kinga ya radi bila kudai ujira. Mwalimu mkuu alishasimuliwa kisa chake: radi ilimuua msichana wa miaka kumi na mmoja uwanjani, na tangu hapo mwanamume huyu hana raha. Ndani ya kofia yake ya kazi alibandika picha ya huyo binti, mwenye mwanya, soksi moja imeshuka.

Kutoka pale juu aliwaona wasichana wakicheza mpira wa pete. Akaacha skrubu, akateremka ngazi mbili mbili, akakimbilia uwanjani.

"Ndani, wote. Sasa hivi."

Mmoja alinung'unika kwamba mvua yenyewe haijanyesha. Fundi akamshika mkono, akamkokota mpaka darasani.

Hata mlango haujafungwa sawasawa, mwanga mweupe ukapiga. Kishindo kikatikisa madirisha. Walipochungulia, nyasi kavu chini ya goli zilikuwa zikifuka moshi.

Wasichana wakaanza kulia. Fundi alikaa sakafuni akawahesabu. Akawahesabu tena.

Mwalimu mkuu akamletea kikombe cha maji. "Zamani tuliijua miezi ya radi," alisema. "Siku hizi hali ya hewa imegeuka, haifuati kalenda." Akachutama karibu yake. "Mungu akulipe, baba. Kweli uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Mama yake ndiye aujuaye," fundi alisema. "Huwa nakutana naye sokoni. Mpaka leo ananisalimia vizuri."

"Kumbe mliachana?"

Fundi alitikisa kichwa. Maji yakamwagika kidogo kwenye suruali yake, wala hakuyafuta.

"Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo wa yule binti," alisema. "Alinijia akaniomba waingie ndani. Nikamwambia, kiangazi hakina radi, mwanangu, rudi uwanjani."