Mkwe na Beseni

Hemedi alitapika mbele ya mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, mkewe akiwa bado sokoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Bi Mwanaidi, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi hata kula naye sinia moja, alimshikilia beseni hadi alipomaliza. Matapishi yalikuwa meusi kama mashapo ya kahawa.

"Si ulisema umepona?"

Hemedi aliinamisha kichwa. Daktari alikuwa amemwambia ukuta wa tumbo umevimba, ameze dawa mwezi mzima na aache vidonge vya maumivu ya mgongo. Alipopata nafuu tu, akaacha dawa na kurudia vidonge.

"Nilidanganya, Mama. Usimwambie mke wangu."

"Tumbo la kuuma tungelipikia uji, mwanangu. Weusi huu ni damu, haingoji."

Akalifunika beseni kwa kanga yake ya mabegani, akalibeba kifuani ili daktari ajionee, akatangulia barabarani. Hemedi alimfuata akishikilia kuta za nyumba. Kila jirani aliyeuliza alijibiwa na Bi Mwanaidi kwa sauti ileile, bila kusimama:

"Tupisheni. Mwanangu anaumwa."