Kizingiti cha Chumba cha Nyuma

Bibi Duangjai alivua viatu kama wageni wengine, akaingia katika jumba la makumbusho ya sanaa na hariri za Kithai. Zamani nyumba hiyo ya mbao ilikuwa ya baba yake. Kaka yake aliiuza, ikang'olewa ubao kwa ubao na kusimamishwa upya huku mjini.

Katika chumba cha nyuma, mwanamke aliyekuwa akiwatembeza wageni alionyesha kizingiti kilichofika karibu na magoti.

“Watu wa kale walikiinua hivi kuzuia pepo wabaya,” akasema.

“Sivyo, mwanangu,” Duangjai akasema. “Baba alikiinua baada ya mdogo wangu kutambaa nje akatumbukia mtoni. Alikuwa na miezi tisa.”

Mwanamke yule akatabasamu kwa adabu. “Pole, bibi. Lakini mimi nasema yaliyoandikwa.” Akawageukia wengine. “Karibuni tukaone hariri.”

Duangjai alipiga magoti, akaweka viganja juu ya kizingiti, akitafuta alama za patasi ya baba yake. Ubao ulikuwa umepigwa msasa ukawa laini kabisa.

Wageni walisubiri kidogo, kisha wakaanza kupita mmoja mmoja, wakiinua miguu juu ya mikono yake.