Yangeyange Akosa la Kusema

Wanyama wa nyika walitaka mlinzi wa kisima, wakakubaliana wapige kura kati ya Nyati na Punda Milia. Basi Yangeyange, ndege mla kupe, akawa haishi kuruka mgongo hadi mgongo akinong'ona, na kila sikio lilipata habari yake.

"Punda Milia kasema utageuza kisima tope," alimwambia Nyati. Kwa Punda Milia akasema, "Nyati kaapa kwamba wenye mistari mtalamba umande."

Ngiri, mbishi wa kuzaliwa, naye akaletewa lake: "Wote wawili wanakuita pua chafu."

Hasira zikampanda, akasimama kama gogo. Hapo ndipo alipomhisi Yangeyange akimdonoa kupe kwa raha zake. "Alaa!" akawaza. "Kumbe mwenye hasira husahau kutikisa mkia, na huyu bwana anakula!"

Siku ya kura, pembe na kwato zilikuwa tayari kwa vita. Ngiri akajipenyeza katikati.

"Jamani, kabla hamjauana, sogeleaneni sikio kwa sikio. Haya, ndugu Yangeyange, tupe habari, sote kwa pamoja."

Yangeyange akamtazama Nyati, akamtazama Punda Milia. Akafungua mdomo, akaufumba.

"Mbona kimya? Jana si ulikuwa na maneno tele?"

Wagombea wakatazamana, wakaulizana, wakaangua kicheko. Mikia ikachapa, Yangeyange akaanguka chini pu! Kura zikapigwa, Nyati akashinda, na aliyemkaribisha kisimani ni Punda Milia.

Ndiyo maana Yangeyange siku hizi hufuata kwato akiokota panzi. Akithubutu kupanda mgongoni, mkia unamngoja.