Maji ya Kisima cha Mama Mkwe

Siku hizi kipimo ndicho hakimu: kisima kikizidi chumvi, wenye nyumba huhamishwa bara, na majibu hayafutiki. Mwanakheri alilijua hilo, ila hakudhani kisima cha mama mkwe wake kingezidi. Akachota maji yake kwa zoezi la maabara, tena siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida na kupenya ardhini. Kipimo kikawaka chekundu, kikatuma majibu serikalini chenyewe.

“Ungengoja maji mafu, bahari isipojaa sana, kisima kingepona,” mwalimu alisema taratibu, akimpa alama zote.

Mama mkwe akapiga simu. “Msomi wangu, umefaulu?”

“Nimefaulu, mama.”

“Haya, njoo ule. Mwanao namwogesha hapa kisimani, hataki kutoka.”

Ndoo ikasikika ikishuka tena, na mtoto akicheka.